Gesi ilitoka, hewa ukaa isitoke

Barua ya wazi kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, mawaziri wenye dhamana ya nishati na viwanda, wabunge wetu wa Kusini na wakurugenzi wa halmashauri

Mikindani, Mtwara

YAH: MOSHI WA VIWANDA VYA KUSINI KUGEUZWA MATOFALI NA MALIGHAFI NYINGINE

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaonizidi umri. Kwa wale mliokaa darasani kwangu, ambao najua mmo humo maofisini, hamjambo?

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Katika miaka yangu ya kufundisha kemia nimeandika barua nyingi za kiofisi, na nyingi zilirudi na muhuri wa "imepokelewa" na si neno zaidi. Hii nimeamua kuiacha wazi, ili jirani zangu nao waisome na wanisahihishe nilipokosea.

Kila aliyepita sekondari analikumbuka jaribio la maji ya chokaa. Unachukua chokaa iliyozimwa, unaikoroga kwenye maji, unachuja, unapata maji maangavu. Unampa mwanafunzi mrija apulize. Baada ya pumzi kadhaa maji yanageuka meupe kama tui. Wanafunzi wanaandika kwamba hewa itokayo mapafuni ina hewa ukaa, wanapata alama zao mbili, kengele inalia. Mwaka mmoja binti mmoja aliacha bilauri yake mezani hadi kesho yake. Weupe ulikuwa umetuama chini, juu maji yametulia. Akaniuliza, "Mwalimu, hili vumbi ni nini?" Nikamwambia ni jiwe. Akaniangalia kama ninayemtania. "Limetoka wapi?" Nusu limetoka kwenye chokaa, nikamjibu, na nusu limetoka mdomoni mwako.

Nilimjibu haraka haraka kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Baadaye ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimelipita swali kubwa kuliko mtaala mzima wa mwaka ule.

Saruji inatengenezwa kwa kulifanyia jiwe kinyume cha kile alichokifanya yule binti. Unachukua jiwe la chokaa, unalichoma kwenye tanuri refu linalozunguka, ambamo joto hufika nyuzi 1,450 hivi za Selisiasi, na jiwe linaachia pumzi yake. Hesabu yake ni ya kidato cha tatu: kilo 100 za jiwe safi la chokaa zinatoa kilo 56 za chokaa hai na kilo 44 za hewa ukaa. Karibu nusu ya jiwe inapaa angani! Hapo hatujahesabu makaa au gesi iliyochoma tanuri. Katika hewa ukaa yote ya kiwanda cha saruji, takriban asilimia 60 inatoka ndani ya jiwe lenyewe, na iliyobaki inatoka kwenye moto. Ndiyo maana mtu akiwaambia kwamba kiwanda kimekuwa safi kwa kuacha makaa na kutumia gesi, mjibuni kwamba amesema kweli kidogo. Moto umebadilika, lakini jiwe ni lile lile. Duniani kote saruji inabeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Nasi hapa Mtwara tunacho kiwanda cha saruji kilichofunguliwa mwaka 2015 chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Kimeleta ajira, kimeshusha adha ya kusubiri saruji ya kutoka mbali, na sina ugomvi nacho. Ninachokiangalia mimi ni kile kinachotoka juu ya dohani.

Historia ya gesi ya hapa mnaijua na sitaki kuifukua yote. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songo Songo ikaanza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2013 neno lililokuwa midomoni mwa watu wa Mtwara lilikuwa "gesi haitoki", na kuna waliopoteza roho zao katika vurugu za wakati ule. Mwaka 2015 bomba kutoka Madimba likazinduliwa, gesi ikatoka. Umeme wake unawaka nchi nzima, nami si mtu wa kudai kwamba mkoa ni nchi. Lakini hebu angalieni kilichobaki. Hewa ukaa ya hapa haina mnunuzi Dar es Salaam. Hakuna atakayeijengea bomba la zaidi ya kilomita 500. Ikitoka kiwandani, kusi inaichukua, basi. Katika vyote vinavyozalishwa na viwanda vya Kusini, ni hiyo tu isiyogombewa na mtu. Mimi ninaigombea.

Naomba nianzie kwa babu yangu.

Babu mzaa baba alikuwa mchoma chokaa hapa hapa Mikindani. Maji yakipwa walikwenda kupasua matumbawe, wakayaleta pwani kwa mtumbwi, wakapanga magogo mduara mkubwa, matumbawe yakawekwa juu, wakawasha. Moto ulikesha. Asubuhi mawe yalikuwa mepesi mkononi, meupe, na ukiyamwagia maji yalichemka yenyewe bila moto na kuvunjika unga. Watoto tulikatazwa kusogea maana macho yalikuwa yanaungua. Unga ule ulichanganywa na mchanga, ukajengea kuta ambazo nyingine zimesimama mpaka leo katika mji huu. Babu alikuwa na msemo wake: ukuta wa chokaa haukauki, unakomaa. Nilipokwenda kusoma kemia ndipo nikajua alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ukuta ule ulikuwa unavuta kutoka hewani hewa ukaa ile ile iliyofukuzwa tanurini, ukirudi polepole kuwa jiwe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa, ambavyo dunia imevitambua kama urithi tangu mwaka 1981, vimeshikwa na jambo hilo hilo.

Tatizo la babu lilikuwa muda. Hewa tunayovuta ina hewa ukaa sehemu 4 tu katika kila sehemu 10,000. Ukuta unakula kidogo kidogo, miezi kwa miaka, kama mgonjwa. Sasa moshi wa tanuri la saruji, katika kila sehemu 10,000, unaweza kuwa na sehemu 2,000 za hewa ukaa. Ni mara 500! Ukiuweka ukuta wa babu kwenye moshi ule, kilichochukua miaka kinaweza kuchukua siku.

(Simaanishi turudi kwenye matumbawe. Tulikwisha kuona samaki walivyotukimbia, na tangu mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo.)

Wenzetu wameshafanya. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya shindano kubwa la kimataifa la dola milioni 20, Carbon XPRIZE, la kutafuta nani atageuza moshi kuwa bidhaa yenye thamani. Washiriki walikuja na mengi ya kushangaza: mafuta, plastiki, nyuzi za kaboni ndogo kuliko unywele mara maelfu. Walioshinda zawadi kubwa walikuwa wawili, na wote wawili ni watu wa zege. CarbonCure ya Kanada inapuliza hewa ukaa ndani ya zege bichi linapochanganywa. Inageuka chembechembe za jiwe humo humo, zege linapata nguvu zaidi na saruji inapunguzwa kwa asilimia chache. CarbonBuilt, iliyotoka chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, inatengeneza matofali ambayo sehemu ya saruji yake imeondolewa ikawekwa chokaa iliyozimwa, kisha matofali yanafungiwa chumbani na kupulizwa moshi wa kiwanda jinsi ulivyo, bila kuuchuja kwanza ubaki hewa ukaa tupu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Chokaa iliyozimwa, mchanga, na moshi. Babu yangu alikosa chumba tu.

Nami nikajaribu. Sikuwa na moshi wa kiwanda, nilikuwa na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, siki na magadi. Siki na magadi vikikutana vinatoa hewa ukaa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa ndani ya ndoo kama maji. Nilifinyanga vitofali vidogo vya chokaa na mchanga, nusu nikaviweka juu ya dari ya banda, nusu ndani ya ndoo. Mara ya kwanza nilishindwa vibaya. Vitofali vya ndoo vilitoka vimelegea kama andazi lisiloiva. Nilikuwa nimeviweka vikiwa vibichi mno. Vitundu vyake vilijaa maji na hewa haikupita. Vikikauka kupita kiasi pia haiwezekani, kwa sababu bila unyevu kidogo hakuna kinachotokea. Mara ya pili niliviacha kivulini siku nzima kwanza. Baada ya wiki nikavipasua vyote na kudondoshea finolfthaleini, ile dawa ya maabara inayogeuka pinki penye chokaa ambayo bado haijarudi kuwa jiwe. Kitofali cha darini kiligeuka pinki karibu chote. Cha ndoo kilibaki cheupe, isipokuwa doa katikati lenye ukubwa wa sarafu. Kwa msumari sikuweza kukichora.

Najua hilo si utafiti. Ni ndoo ya mstaafu. Lakini linatosha kunipa ujasiri wa kuwaambia kwamba hatuhitaji kusubiri miaka 30, kama tulivyoisubiri gesi ya Songo Songo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nianze na matofali, nayo ni maji. Tofali la saruji la kawaida linatakiwa kumwagiliwa, siku 7 kwa uchache, na nguvu yake inapimwa baada ya siku 28. Anayefyatua matofali Newala au Tandahimba anajua maana ya kumwagilia. Juu ya Uwanda wa Makonde maji yalikuwa yanafuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, na hata sasa miradi ikiwepo, ndoo ya kumwagia tofali ni ndoo iliyonyimwa mtoto. Matokeo yake fundi anamwagilia mara mbili, anauza, na nyumba inapata nyufa kabla ya mvua ya pili. Tofali lililokomazwa kwa hewa ukaa linapata nguvu ndani ya siku moja au mbili bila kumwagiliwa wiki nzima. Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo.

Nisiwafiche upande wa pili. Zege lenye nondo halifai kufanyiwa hivi ovyo, kwa sababu uchungu wa chokaa, yaani ualkali wake, ndio unaozuia nondo kushika kutu. Ukiumaliza wote, nondo inaanza kuoza ndani kwa ndani. Kwa hiyo tunazungumzia matofali ya ukuta, vigae vya kutandika njia na mawe ya kingo za barabara, si nguzo za ghorofa. Pia hewa ukaa haina harufu na ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila kubisha hodi. Chumba cha kukomazia kinahitaji vipimo, milango ya kufunguka kwa nje, na watu waliofundishwa. Na hesabu lazima iwe ya kweli: kwa wastani wa dunia, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 umeacha kama kilo 30 za hewa ukaa angani. Tuseme matofali yaliyotoka kwenye mfuko huo yakarudisha kilo 5. Tumerudisha sehemu moja katika sita. Atakayewaambia kwamba kiwanda kitakuwa hakitoi moshi kabisa anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nije kwenye yale yanayowavutia wageni wa semina. Nilihudhuria semina moja, mwaka na ukumbi sitavitaja, ambapo tulioneshwa picha za nyuzi ndogo za kaboni zinazotengenezwa kwa hewa ukaa. Picha zilikuwa nzuri, chakula pia. Sayansi yake ni ya kweli na inapendeza: Stuart Licht wa Chuo Kikuu cha George Washington na wenzake walionesha mwaka 2015 kwamba ukiyeyusha chumvi ya lithiamu kaboneti kwenye nyuzi 750 hivi na kupitisha umeme, hewa ukaa inavunjika, oksijeni inatoka upande mmoja na kaboni inajipanga upande wa pili kama nyuzi. Nyuzi hizo ni imara mno, zinapitisha umeme, zinatakiwa kwenye betri na kwenye vyuma vyepesi. Kilo moja inauzwa bei ambayo korosho haijawahi kuiota. Mjumbe mmoja akasimama akasema Mtwara tuna gesi, tufue umeme, tutengeneze nyuzi. Tukapiga makofi. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu.

Hewa ukaa ni majivu. Kaboni imekwisha kuungua, joto lake limekwisha kutoka. Ukitaka kuyarudisha majivu yawe kuni, lazima urudishe joto lote lililotoka, huna punguzo. Kupata kilo moja ya kaboni kunahitaji uniti 9 za umeme, hapo mashine iwe haipotezi hata chembe, na hakuna mashine ya namna hiyo. Kilo hiyo moja imeondoa kilo 3.7 hivi za hewa ukaa. Mtambo mzuri wa gesi unatoa takriban kilo 0.4 za hewa ukaa kwa kila uniti. Zidisheni kwa 9: kilo 3.6. Yaani kwa umeme wa gesi, hata kwa mashine ya peponi, tungekuwa tunachota maji kwa pakacha. Kwa mashine ya duniani tungetoa moshi mwingi kuliko tulioula. Nyuzi hizo zinahitaji umeme wa maji au wa jua. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na jua la Masasi mnalijua wenyewe. Hapo, na si kabla ya hapo, mnaweza kumkaribisha mwekezaji wa nyuzi. Mwulizeni kwanza umeme wake unatoka wapi, kisha mpeni kiti.

Jambo hilo linawahusu Lindi kwa njia nyingine. Ruangwa kuna madini ya kinywe, na kinywe ni kaboni, ndugu wa tumbo moja na hizo nyuzi. Tunakichimba kwa sababu betri za magari zinakihitaji. Sisemi kesho kaboni ya moshi itakishusha bei kinywe cha ardhini. Nasema watu wanaojadili mikataba ya kinywe wawe wanajua kwamba maabara za dunia ziko kazini, na kwamba kinywe kinachosafirishwa ghafi ndicho kitakachoumia wa kwanza.

Hewa ukaa inakubali kwa urahisi zaidi pale isipolazimishwa kurudi kuwa kaboni tupu, ikaachwa na oksijeni yake yote na kuunganishwa na kitu kingine kilicho tayari kuipokea. Chokaa ni mmojawapo. Ujerumani, mji wa Dormagen, kampuni ya Covestro tangu mwaka 2016 inatengeneza malighafi ya sponji za magodoro ambayo hadi asilimia 20 yake ni hewa ukaa. India, mji wa Tuticorin, kulijengwa mtambo wa kunasa hadi tani 60,000 kwa mwaka kutoka kwenye tanuri la makaa na kuzigeuza magadi ya viwandani, yale ya sabuni na vioo. Hata hapa nchini hewa ukaa ina bei: inachimbwa ardhini kule Rungwe, inajazwa mitungini, inapelekwa viwanda vya vinywaji. Mtu anaisafirisha kwa lori kutoka Mbeya, nasi tunaipuliza bure baharini.

Lakini linaloninyima usingizi ni ganda la korosho. Kila mkulima wa Kusini amewahi kuunguzwa na mafuta ya ganda. Alama ninayo mkononi tangu utotoni, tulipokuwa tunabangua kwa kuchoma kwenye debe. Ndani ya mafuta hayo, yakishapashwa moto, mna kitu kinachoitwa kardanoli. Ina mkia mrefu wenye viungo viwili viwili, na viungo hivyo ukivifungua kwa oksijeni kwanza, vinapokea hewa ukaa na kuikamata. Watafiti wameshatengeneza kwa njia hiyo malighafi za rangi, gundi na plastiki ngumu ya aina ya poliurethani, bila kutumia zile kemikali za isosayaneti zinazoharibu mapafu ya wafanyakazi. Someni tena sentensi hiyo mkiwa mmekaa Mtwara. Ganda la korosho pamoja na hewa ukaa. Ni miji mingapi duniani yenye dohani ya saruji na ghala la korosho jirani namna hii? Na bado sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi, ganda na mafuta yake vinakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mnapoandaa eneo la viwanda vya ubanguaji pale Maranje, naomba mafuta ya ganda yasihesabiwe kama takataka ya kuwashia tanuri. Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wanaijua korosho kuliko mtu yeyote. Wapeni mkemia mmoja wa kukaa na ganda tu.

Mbolea ya urea nitaipita mbio. Ni kweli inakula hewa ukaa, tani 0.73 kwa kila tani, na Kusini tuna gesi ya kutengenezea amonia yake. Kiwanda cha mbolea tunakihitaji kwa ajili ya mahindi. Lakini urea ikifika shambani inaiachia hewa ukaa yote kwa siku chache. Msiihesabu kama ghala.

Ninachoomba sasa.

Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o umejadiliwa miaka mingi, na wananchi walikwisha kupisha eneo. Gesi haiwezi kupoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikiwa na hewa ukaa ndani yake, kwa sababu hewa ukaa inaganda mapema na kuziba mabomba. Lazima itolewe kwanza. Ikitolewa inakuwa karibu safi kabisa, tayari kwa matumizi, iwe nyingi au kidogo. Wekeni kwenye mkataba kifungu kimoja: hewa ukaa hiyo itapatikana langoni kwa kiwanda chochote cha Kitanzania kitakachoitaka, kwa bei iliyoandikwa. Mkiacha kuiandika sasa, itakuwa vigumu kuiandika wakati meli ya kwanza imeshatia nanga. Kwa saruji, kaeni na wenye kiwanda mezani, ombeni bomba moja dogo kutoka kwenye dohani na eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira kando yake. Matofali lazima yafyatuliwe pale pale. Moshi hausafiri vizuri.

Kisha kuna Shirika la Viwango. Tofali la namna hii bila kiwango cha TBS ni udongo tu mbele ya afisa manunuzi. Mafundi wa matofali hapa barabarani wananiambia wazi kwamba hawatajaribu kitu ambacho halmashauri haitakinunua. Kwa hiyo halmashauri ianze yenyewe: madarasa matatu, vyoo vya shule, njia za hospitali. Fedha za mikopo ya asilimia 10 za vijana, wanawake na wenye ulemavu zinakwenda kwenye bodaboda na mashine za kufyatulia kila mwaka. Kikundi kimoja kipewe chumba cha kukomazia badala ya bodaboda. VETA Mtwara wafundishe vipimo na usalama wake. Mtaala hauhitaji kurasa nyingi, somo lenyewe wanalijua tangu kidato cha pili.

Na tafadhali, mtutofautishie maneno. Siku hizi ukitaja kaboni kijijini, wazee wanafunga milango wakidhani umekuja na karatasi za kununua msitu. Biashara ya kaboni ya misitu ina kanuni zake tangu mwaka 2022, na kuna kituo cha kuifuatilia pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Ninayoizungumzia mimi ni kaboni ya kubeba kwa toroli.

Kitofali cha ndoo bado ninacho. Ninakitumia kuzuia mlango wa banda usipigwe na upepo, na mvua mbili zimekipitia. Kama kuna mhandisi wenu anayetaka kukipasua aone ndani, aje na nyundo. Finolfthaleini ninayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Mikindani.